Jinsi ya Kuiweka Tovuti ya WordPress katika Lugha Zaidi ya Moja kwa Kutumia Polylang

Swali la jinsi ya kuiweka tovuti ya WordPress katika lugha zaidi ya moja hurudi mara kwa mara, na karibu kila mara huja na malalamiko yaleyale: mtu amesakinisha programu-jalizi ya tafsiri (kipande cha programu kinachoiongezea tovuti uwezo huo), amechagua Kiswahili na Kiingereza, kisha amefungua tovuti yake na kukuta hakuna kilichotafsiriwa, au, mbaya zaidi, ukurasa wa mwanzo umekuwa mtupu. Mara nyingi programu-jalizi haina kosa. Kazi yake si kutafsiri bali kupanga: inatunza kumbukumbu kwamba ukurasa huu ni wa Kiswahili, kwamba ule ni mwenzake wa Kiingereza, na kwamba msomaji anapobofya jina la lugha apelekwe upande wa pili. Maneno yenyewe utayaandika wewe, au utamtafuta mtu wa kuyaandika.

Mwongozo huu unatumia toleo la bure la Polylang, mojawapo ya programu-jalizi hizo. Nimelichagua kwa sababu haliweki kikomo cha idadi ya lugha, na kwa sababu kila tafsiri huhifadhiwa kama ukurasa au chapisho la kawaida linalojitegemea, kiasi kwamba hata ukiiondoa programu-jalizi baadaye, maandishi yako yanabaki pale pale. WPML, programu-jalizi nyingine ya lugha, hufanya kazi kwa mtindo unaokaribiana na huu lakini haina toleo la bure. TranslatePress, kwa upande wake, hukuwezesha kutafsiri huku ukiutazama ukurasa wenyewe, jambo linalowafaa wenye tovuti ndogo zilizojengwa kwa vijenzi vya kurasa. Chagua moja. Usiwashe mbili kwa pamoja hata kwa majaribio, kwa maana kila moja itataka kuzitawala anwani za kurasa zako, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya kuchosha.

Majina ya menyu nimeyataja kwa Kiswahili. Ikiwa dashibodi yako iko katika lugha nyingine, tafuta neno lenye maana hiyohiyo mahali hapohapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, kwa kuwa mhariri wa kawaida hawezi kusakinisha programu-jalizi.
- Nakala rudufu ya faili pamoja na hifadhidata. Taarifa zote za lugha huandikwa ndani ya hifadhidata, hivyo nakala ya faili peke yake haitakuokoa.
- Viungo vya kudumu vyenye maneno. Ikiwa anwani zako bado zinaishia na kitu kama ?p=123, nenda kwenye Mipangilio, kisha Viungo vya Kudumu, uchague mtindo wa jina la chapisho.
- Mandhari, yaani kiunzi cha mwonekano wa tovuti, inayotumia ukurasa wa kawaida wa Menyu chini ya Mwonekano. Mandhari za vitalu (vipande vya ukurasa kama aya au picha), ambazo kichwa na kijachini chake huhaririwa ndani ya kihariri cha tovuti, zina taratibu zake na sitaziingia hapa.
- Tafsiri ya kurasa zako muhimu, ikiwa imekwisha kuandikwa na kusomwa na mtu mwenye lugha hiyo. Tafsiri ya mashine inafaa kuwa rasimu ya kwanza tu. Ukiipachika ilivyo, utakuja kukuta kiungo cha kurudi ukurasa wa kwanza kimeitwa "Nyumbani" na kitufe cha kutuma fomu kimeitwa "Wasilisho".

Kama unaendesha duka la mtandaoni kwa programu-jalizi ya WooCommerce, fahamu mapema kwamba toleo la bure halishughulikii bidhaa. Kwa kazi hiyo kuna nyongeza ya kulipia.

Hatua kwa hatua

1. Sakinisha na uongeze lugha. Fungua Programu-jalizi, tafuta Polylang, sakinisha, kisha washa. Mchawi wa usanidi utafunguka na kukuomba uchague lugha. Ongeza kwanza ile ambayo tovuti yako imeandikwa tayari, kwa sababu ndiyo itakayokuwa lugha kuu, halafu uongeze zinazofuata. Kila lugha ina jina kamili, alama ya eneo na msimbo mfupi unaoonekana kwenye anwani. Kwa Kiswahili msimbo ni sw. Usiubuni wala usiuchanganye na msimbo wa nchi: sv ni Kiswidi, na uk, ambayo wengi huidhani kuwa Uingereza, ni Kiukreni. Ukiongeza Kiarabu, hakikisha mwelekeo wa maandishi umewekwa kutoka kulia kwenda kushoto, kisha uitazame mandhari yako kwa makini, maana mandhari zisizoandaliwa kwa mwelekeo huo huacha menyu na picha zikiwa upande usio wake.

2. Yape lugha maandishi ya zamani. Baada ya kuongeza lugha, Polylang itakuonyesha ilani kwamba kuna kurasa, machapisho, kategoria na lebo zisizo na lugha, na itakupa kiungo cha kuzipa zote lugha kuu kwa mkupuo mmoja. Bofya kiungo hicho kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Mimi mwenyewe niliipuuza ilani hii katika tovuti ya kwanza niliyoishughulikia, nikaona orodha ya machapisho imetoweka mbele ya wasomaji, nikatumia alasiri nzima nikiilaumu mandhari. Kumbe chapisho lisilo na lugha haliko katika orodha ya lugha yoyote, na hivyo halionyeshwi.

3. Amua sura ya anwani, na uamue mara moja. Ingia kwenye menyu ya Lugha, kisha Mipangilio, ufungue sehemu ya marekebisho ya anwani. Njia kuu ni tatu: msimbo wa lugha kama folda, yaani example.com/en/; kikoa kidogo kwa kila lugha, yaani en.example.com; au kikoa tofauti kabisa. Kwa anayeanza, folda ndiyo njia salama, kwa kuwa hizo nyingine mbili zinahitaji marekebisho ya rekodi za kikoa na cheti cha usalama kinachojumuisha anwani zote. Acha chaguo la kuficha msimbo wa lugha kuu likiwa limewashwa, ili anwani zako za zamani, ambazo huenda zimekwisha kuunganishwa na tovuti nyingine, zisibadilike hata herufi moja.

Hapo hapo utakutana na chaguo la kutambua lugha ya kivinjari. Maoni yangu ni ulizime. Linaonekana kuwa ukarimu, lakini mtu aliyeazima kompyuta ya mwenziwe hupelekwa kwenye lugha asiyoitaka, na pale ambapo kurasa huhifadhiwa kwenye kache (nakala za muda za kuharakisha tovuti), mgeni mmoja anaweza kuletewa matokeo ya mwingine. Roboti ya Google nayo kwa kawaida haitumi taarifa ya lugha inayoipendelea, hivyo kuielekeza huku na kule hakuisaidii kuziona kurasa zako zote.

4. Tafsiri kategoria na lebo kabla ya machapisho. Wengi huanza na machapisho kwa sababu ndiyo wanayoyaona. Usifanye hivyo. Kategoria ikiwa imekwisha kutafsiriwa, Polylang hulipangia chapisho jipya la tafsiri kategoria inayolingana bila wewe kuuliza. Isipokuwapo, utarudi kuyapanga machapisho moja baada ya jingine kwa mkono. Fungua orodha ya kategoria, bofya alama ya kujumlisha chini ya safu ya lugha unayotaka, andika jina la tafsiri, hifadhi.

5. Tafsiri kurasa na machapisho. Katika orodha ya kurasa utaona safu moja kwa kila lugha. Alama ya kujumlisha ina maana kwamba tafsiri haipo. Alama ya kalamu ina maana kwamba ipo na unaweza kuihariri. Bofya alama ya kujumlisha. Kihariri kitafunguka kikiwa kitupu, jambo ambalo huwashtua wageni, lakini ndivyo toleo la bure linavyofanya kazi. Fungua ukurasa wa asili katika kichupo kingine, nakili vitalu vyote kutoka menyu ya nukta tatu, ubandike upande wa pili, kisha uandike tafsiri juu ya maandishi ya asili ukishuka kitalu baada ya kitalu. Kwa njia hii picha, safu na vitufe vinabaki mahali pake.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, tazama kisanduku cha lugha pembeni na uthibitishe kwamba kinaonyesha lugha sahihi. Kisha fanya mambo yafuatayo kwa kila ukurasa, kwa maana ndiyo yanayosahauliwa sana. Tafsiri sehemu ya mwisho ya anwani. Ukiacha neno lilelile la ukurasa wa asili, WordPress italiongezea -2 mwishoni, na example.com/en/huduma-2/ haimwambii chochote msomaji wa Kiingereza. Tafsiri maelezo mbadala ya picha, ambayo visoma-skrini huyasoma kwa sauti. Tafsiri kichwa na muhtasari unaotumiwa na injini za utafutaji, kama una programu-jalizi ya kazi hiyo. Rekebisha viungo vya ndani, ili ukurasa wa Kiingereza usimrudishe msomaji kwenye ukurasa wa Kiswahili katikati ya safari. Fomu ya mawasiliano nayo huhitaji nakala yake kwa kila lugha. Tengeneza fomu ya pili na uweke msimbo wake wa mkato (shortcode) kwenye ukurasa wa tafsiri. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba ya msimbo huo usiyatafsiri, kwa sababu ukiyagusa fomu inaweza isionekane.

Tafsiri iliyobaki kuwa rasimu haionekani kwenye kibadilisha lugha, kwa hiyo huna haja ya kuharakisha. Chapisha ukurasa ukiwa umekamilika.

6. Tafsiri ukurasa wa mwanzo. Kama katika mipangilio ya usomaji umechagua ukurasa maalumu kuwa wa mwanzo, ukurasa huo lazima uwe na tafsiri iliyochapishwa katika kila lugha uliyoiongeza. Huhitaji kubadilisha mipangilio tena; Polylang itajua kwamba tafsiri ya ukurasa wa mwanzo ndiyo mwanzo wa lugha ile. Vivyo hivyo kwa ukurasa wa machapisho.

7. Tengeneza menyu kwa kila lugha na uweke kibadilisha lugha. Fungua Mwonekano, kisha Menyu. Utaona kwamba kila nafasi ya menyu sasa imejirudia, moja kwa kila lugha. Tengeneza menyu ya pili yenye kurasa zilizotafsiriwa na uipangie nafasi yake. Kisha ongeza kibadilisha lugha katika kila menyu. Ikiwa kisanduku chake hukioni upande wa kushoto, fungua Chaguo za Skrini juu ya ukurasa na ukiwekee alama.

Hapa ninaomba jambo moja: tumia majina ya lugha, wala si bendera. Bendera ni ya nchi. Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu kila kimoja kina nchi nyingi, na ukichagua bendera moja utakuwa umewaambia wasomaji wa nchi nyingine kwamba ukurasa si wao. Jina liandikwe kwa lugha yenyewe, yaani Kiswahili, English, Français, kwa sababu anayekitafuta Kifaransa huenda hajui kwamba wewe unakiita Kifaransa.

8. Shughulikia maneno madogo. Hii ndiyo hatua inayotenganisha tovuti iliyotafsiriwa na tovuti iliyotafsiriwa nusu. Jina la tovuti, kaulimbiu, vichwa vya wijeti na mpangilio wa tarehe hutafsiriwa katika menyu ya Lugha, sehemu ya Tafsiri. Maneno ya mandhari na ya programu-jalizi nyingine, kama vile "Soma zaidi" au "Hakuna matokeo", hutoka katika faili zao za lugha. Mara nyingi faili hizo hupatikana tayari. Zisipokuwapo au zikiwa na pengo, sakinisha Loco Translate, programu-jalizi ya kuhariri faili hizo, uyajaze mwenyewe. Itakapokuuliza mahali pa kuhifadhi, chagua folda yake maalumu badala ya folda ya mandhari, la sivyo kazi yako itafutika siku mandhari itakaposasishwa.

Katika faili hizi ndimo Kiswahili kinamoumizwa zaidi. Chukua sentensi moja ya duka la mtandaoni, ile inayomjulisha mteja kwamba alichokichagua kimeingia kikapuni. Mahali pa jina la bidhaa pameshikiliwa na alama %s, ambayo programu huijaza baadaye. Mtafsiri mwenye haraka huandika "%s imeongezwa kwenye kikapu". Mteja akichagua kalamu, mambo ni mazuri: "Kalamu imeongezwa kwenye kikapu." Akichagua kitabu, duka linamwambia "Kitabu imeongezwa", na akichagua mkoba linamwambia "Mkoba imeongezwa". Programu haijui ngeli, na hakuna mpangilio wowote utakaoifundisha. Dawa ni kuisuka sentensi upya ili kitenzi kitawaliwe na neno unalolichagua wewe: "Bidhaa hii imeongezwa kwenye kikapu: %s". Sasa hata kikija kiti au ua, sarufi haivunjiki.

Alama zenyewe, yaani %s, %d (inayoshika mahali pa idadi) na zile zenye namba kama %1$s, usizifute wala usiziachie nafasi katikati. Zenye namba unaweza kuzihamisha ndani ya sentensi kadiri Kiswahili kinavyotaka. Pale faili inapotoa visanduku viwili, cha umoja na cha wingi, jaza vyote viwili hata kama neno ni lilelile, kama ilivyo kwa "siku". Ukiacha kimoja kitupu, lugha ya asili itachungulia hapo.

9. Kagua kabla ya kutangaza. Fungua ukurasa mmoja uliotafsiriwa kupitia dirisha la faragha, kisha utazame msimbo wake, yaani maandishi ya HTML yanayoujenga. Karibu na juu utafute mistari ya namna hii:

<link rel="alternate" href="https://example.com/huduma/" hreflang="sw" />
<link rel="alternate" href="https://example.com/en/services/" hreflang="en" />

Mistari hii huzieleza injini za utafutaji kwamba kurasa hizi mbili ni kitu kimoja katika lugha mbili. Google ilianza kuitumia mwaka 2011. Polylang huiandika yenyewe, na lazima ionekane pande zote mbili. Ikikosekana, kurasa hizo hazijaunganishwa, au mmoja wao bado ni rasimu. Tazama pia kwamba lebo ya html inaonyesha lang="sw" kwenye ukurasa wa Kiswahili, kwa sababu kisoma-skrini huitegemea ili kijue kimsomee mtumiaji kwa matamshi ya lugha gani.

Mambo yanapokwama

*Kurasa za lugha ya pili zinasema ukurasa haukupatikana.* Rudi kwenye Viungo vya Kudumu na ubofye Hifadhi bila kubadilisha chochote. Kitendo hicho huilazimisha WordPress kuzijenga upya kanuni za anwani.

*Machapisho yangu yamepotea kwenye dashibodi.* Hayajapotea. Juu ya dashibodi kuna kichujio cha lugha. Kirudishe kwenye Onyesha lugha zote.

*Kibadilisha lugha kinampeleka msomaji ukurasa wa mwanzo badala ya tafsiri.* Ukurasa aliokuwapo hauna tafsiri iliyochapishwa. Kama uliandika tafsiri kama ukurasa mpya bila kupitia alama ya kujumlisha, ufungue, andika jina la mwenzake katika kisanduku cha lugha, uchague na uhifadhi.

*Menyu haionekani katika lugha moja.* Ulitengeneza menyu lakini hukuipangia nafasi ya lugha hiyo.

*Nimerekebisha, lakini bado naona ya zamani.* Safisha kache ya programu-jalizi, ya seva na ya kivinjari, kwa mpangilio huo.

*Maneno machache yamebaki katika lugha ya asili hata nifanye nini.* Bofya kulia juu ya neno hilo na ujaribu kulichagua kwa kipanya. Lisipochagulika, huenda limo ndani ya picha, nawe utahitaji picha nyingine kwa lugha hiyo. Likichagulika, litafute ndani ya Loco Translate. Na kama halimo humo, mwandishi wa mandhari aliliandika moja kwa moja kwenye msimbo bila kuliweka katika mfumo wa tafsiri. Hapo mwandikie mwenye mandhari umwombe alirekebishe, au utumie mandhari-mtoto (mandhari ndogo inayorithi mandhari mama) kulibadilisha, lakini usihariri faili ya mandhari mama, kwa maana sasisho lijalo litalirudisha neno lilelile.